Kompyuta Hujuaje Kwamba Umeondoka? Historia ya Kuhesabu Ukimya wa Kibodi na Kipanya

Leo siandiki kuhusu programu mpya wala simu mpya. Naandika kuhusu namba moja ndogo ambayo kompyuta yako, au tarakilishi kama tulivyofundishwa shuleni, inaihifadhi hata sasa unaposoma hapa. Ni muda uliopita tangu uguse kibodi au kipanya mara ya mwisho.

Kilichonifanya niifikirie ni kazi niliyofanya hapa Nairobi. Mteja mwenye kampuni ndogo, kompyuta kama ishirini hivi, aliniomba skripti ya kuangalia kama wafanyakazi wako kwenye mashine zao. Nikaona ni kazi ya jioni moja. Skripti inaamka kila baada ya sekunde 30, inauliza mfumo kibodi na kipanya viliguswa lini, inaandika jibu kwenye faili, inalala tena. Jioni faili zote zinakusanywa, na mkubwa anapata jedwali. Safu ya mwisho ya jedwali niliipa jina "Muda bila kazi". Sikuifikiria hata dakika moja.

Wiki ya pili mkubwa akanipigia simu kwa furaha. Amempata mvivu! Mhasibu wake, mama wa makamo, alikuwa na saa 3 na dakika 40 bila kazi katika siku moja, na barua ya onyo ilikuwa tayari inaandikwa. Nilipofika pale nilimkuta mama huyo na rundo la risiti mezani, kikokotoo mkononi, kalamu nyekundu imechomekwa nyuma ya sikio. Alikuwa analinganisha risiti na taarifa ya benki kwa mkono. Kompyuta ilikuwa mbele yake, haina shughuli.

"Kijana wangu," akaniambia, "hiyo mashine yako inajua kuhesabu vidole tu."

Nilicheka kwa aibu. Lakini baadaye, nilipoanza kufuatilia jambo hili lilianzia wapi, niligundua kwamba mama alisema kitu cha ajabu bila kujua. Mojawapo ya programu za zamani kabisa za kuonyesha muda wa ukimya inaitwa finger, yaani kidole.

Turudi mwaka 1971, kwenye maabara ya akili bandia ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Siku zile hakukuwa na kompyuta ya kila mtu. Kulikuwa na mashine moja kubwa, na watu wengi waliitumia kwa pamoja kupitia vituo vilivyotapakaa ndani ya jengo. Ukitaka kujua nani yuko kwenye mashine, uliomba orodha, nayo ikakupa vifupisho vya majina na namba za vituo. Les Earnest, mmoja wa wakuu wa maabara ile, aliwaona watu wakipitisha kidole juu ya orodha, mstari kwa mstari, wakijaribu kutambua nani ni nani. Akaandika programu ya kuwafanyia kazi hiyo, akaiita finger. Ilionyesha jina kamili la mtu, na pia amekaa kwa muda gani bila kugusa kituo chake.

Sababu ilikuwa ya kibinadamu kabisa. Watu wa maabara ile walifanya kazi kwa saa zisizotabirika, wengine usiku wa manane. Kabla hujatembea hadi upande wa pili wa jengo kumtafuta mwenzako, ungependa kujua kama yupo. Akiwa kimya kwa dakika mbili, huenda yuko kitini. Akiwa kimya kwa saa mbili, usijisumbue.

Na hapa kuna jambo ninalotaka ulikumbuke, maana nitalirudia. Earnest aliweka pia faili la Plan. Humo kila mtu aliweza kuandika kwa maneno yake mwenyewe kwa nini hayupo, atarudi lini, au apatikane vipi. Aliyekuwa akiangalia muda wako wa ukimya aliona na maelezo yako papo hapo. Namba haikuachwa iseme peke yake.

Mwaka 1977 finger iliwekewa kanuni za kufanya kazi kupitia mtandao, ili mtu wa chuo kimoja aweze kuulizia watu wa chuo kingine. Ilipendwa sana hadi Novemba 1988, pale mnyoo wa Robert Morris ulipoenea ukitumia, miongoni mwa njia nyingine, kasoro iliyokuwa katika seva ya finger kwenye mashine za Unix. Baada ya hapo wasimamizi wengi wa mitandao walianza kuitazama kwa jicho la wasiwasi, na miaka iliyofuata walizidi kuizima.

Sasa Unix yenyewe ilijuaje muda huo? Hapa ndipo mimi kama mwandishi wa programu ninapoipenda hadithi hii. Hakuna aliyeandika programu ya kupeleleza. Katika Unix karibu kila kitu ni faili, hata kituo unachochapia. Na kila faili lina saa yake inayoonyesha lilisomwa lini mara ya mwisho. Ukibonyeza kitufe, mfumo unasoma faili la kituo chako, na saa inabadilika. Kwa hiyo amri kama w, ambayo bado ipo kwenye Linux hadi leo, hufanya hesabu ya darasa la pili: saa ya sasa, toa saa ya faili. Basi.

Lakini saa ile ilikuwa na siri nyingine. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley walionyesha kwamba nafasi ya muda kati ya kitufe na kitufe inaweza kumsaidia mshambuliaji kukisia neno la siri, hata kama herufi zenyewe zimefichwa na SSH. Fikiria sasa kwamba mtumiaji mwingine wa mashine hiyohiyo anaweza kuikodolea macho saa ya faili la kituo chako, inayoruka kila ukibonyeza! Mwaka 2013 wasimamizi wa kiini cha Linux waliamua saa hiyo isibadilike tena kwa kusoma na kuandika. Tatizo likazibwa, lakini amri ya w ikaanza kutoa muda wa ukimya usio na maana, na watu wakalalamika. Baada ya kuvutana kidogo wakakubaliana saa iruke kwa hatua za sekunde 8. Inatosha kujua mtu ameondoka, haitoshi kuhesabu vidole vyake. Napenda sana suluhisho hilo.

Wakati watu wa Unix wakiwa na mambo yao, kompyuta za nyumbani zilikuwa na shida tofauti: kioo. Skrini za zamani, zile nene zenye tyubu, zilikuwa zinaungua. Picha ikikaa mahali pamoja kwa muda mrefu, ilibaki imechoreka pale hata mashine ikizimwa. Ilibidi kompyuta ijue mtu ameondoka ili ibadilishe picha.

Atari 400 na 800, zilizotoka mwaka 1979, zilikuwa na kaunta kwenye kumbukumbu namba 77. Iliongezeka taratibu, na kila ukibonyeza kitufe cha kibodi ilirudi sifuri. Ikifika kikomo, baada ya dakika kama tisa hivi, rangi za skrini zilianza kufifia na kubadilikabadilika. Jambo zuri, ila waliosanifu walisahau kitu kimoja. Kaunta ilisikiliza kibodi tu, haikusikiliza joistiki, ule mti wa kuchezea. Kijana alikuwa anacheza kwa jasho, mkono unauma, na mashine ikaamua hakuna mtu chumbani! Waandishi wa michezo walilazimika kuweka amri ya POKE 77,0 ndani ya programu zao kila mara, ili kuidanganya mashine kwamba kuna mtu. Ukiniuliza mimi, yule mhasibu na yule kijana wa Atari ni ndugu. Wote walikuwa kazini, ila mikono yao ilikuwa kwenye kifaa ambacho programu haikukisikiliza.

Desemba 1983 John Socha, ambaye baadaye alijulikana kwa Norton Commander, alichapisha katika jarida la Softalk programu ya IBM PC iitwayo SCRNSAVE. Ukikaa dakika 3 bila kugusa, skrini inakuwa nyeusi. Saa ya ndani ya IBM PC ilipiga takriban mara 18.2 kwa sekunde, kwa hiyo dakika 3 ni kama mapigo 3,276. Ukitaka muda tofauti ilibidi ubadilishe programu yenyewe na kuitengeneza upya. Mwaka 1989 ikaja After Dark na vibaniko vyake vya mkate vinavyoruka kwa mabawa, na kutoka hapo kilinda skrini kikawa burudani. Wengi wetu tuliokuwa tukishinda kwenye saiba tunakumbuka zaidi mabomba ya rangi ya Windows, yaliyojijenga mbele ya macho huku mhudumu akitafuta chenji.

Kulikuwa na kundi la tatu, na hili halisemwi sana. Ni watu waliotazama kompyuta iliyotulia wakaona shamba lisilolimwa. Kule Xerox PARC, California, John Shoch na Jon Hupp walijaribu programu zilizojisambaza usiku kwenye mashine ambazo wenyewe wameenda nyumbani, na mwaka 1982 wakaandika walichojifunza. Mwaka 1988 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin kule Madison walieleza mfumo wao uitwao Condor, wakauita mwindaji wa kompyuta zilizotulia. Condor iliangalia kibodi na kipanya. Vikiwa kimya kwa muda wa kutosha, iliingiza hesabu za watafiti kwenye mashine. Mwenye kompyuta akigusa kitufe tu, kazi ya mgeni inasimamishwa, inahifadhiwa ilipofikia, na inahamishwa mashine nyingine. Mwenye nyumba amerudi, mgeni anapisha kiti. Mfumo huo bado unaishi, na tangu mwaka 2012 unaitwa HTCondor. Mei 17, 1999 wazo hilohilo likaingia majumbani kupitia SETI@home, iliyotumia kompyuta za watu wa kawaida kuchambua mawimbi ya darubini ya redio ya Arecibo, Puerto Rico. Iliacha kugawa kazi mpya Machi 2020.

Angalia basi. Mpaka hapo namba yetu imetumika kumtafuta rafiki, kulinda kioo na kumwachia mwenye mashine nafasi yake. Katika matumizi yote hayo, aliyepimwa ndiye aliyefaidika, au angalau hakuumia.

Tuje Windows. Miaka ya tisini, ukitaka programu yako ijue mtumiaji ametulia, ilibidi utege ndoano. Unaandika faili la DLL, unaomba mfumo ulichomeke ndani ya kila programu inayotumia kibodi, na kila kitufe kinapita mikononi mwako kwanza. Wewe ulitaka kujua tu kama kuna kitu kimeguswa. Lakini kwa ndoano hiyohiyo ungeweza kusoma kila herufi, na wezi wa maneno ya siri walifanya hivyo hasa. Ndiyo maana antivirasi nyingi zilizitilia shaka programu za namna hii hata zikiwa na nia njema. Waliokwepa ndoano waliandika skripti zilizolinganisha mahali kipanya kilipo sasa na kilipokuwa sekunde chache zilizopita. Njia hiyo ina vituko vyake. Kipanya cha mwanga kikiwekwa juu ya meza inayong'aa hutetemeka chenyewe, na kompyuta huamini kuna mtu usiku kucha.

Windows 2000 ilileta dawa, GetLastInputInfo. Unauliza, unajibiwa wakati wa mguso wa mwisho, bila kujua ni kitufe gani. Jibu linatolewa kwa milisekunde tangu mashine iwashwe, katika biti 32, kwa hiyo kaunta inajaa na kuanza upya baada ya siku 49.7. Usiposhughulikia hilo kwenye hesabu yako utapata miujiza. Najua kwa sababu niliwahi kumwonyesha mtu jedwali lililosema mfanyakazi ametulia kwa zaidi ya mwezi mzima, naye alikuwa amesimama mbele yetu. Kwenye Mac kuna namba ya aina hiyo iitwayo HIDIdleTime, nayo inahesabu kwa nanosekunde. Sijui nani anahitaji nanosekunde kujua kama mtu ameenda kunywa chai.

Waliofanya namba hii ijulikane na kila mtu ni watu wa soga za mtandaoni. ICQ ilitoka Israeli mwaka 1996, AIM ya AOL ikafuata mwaka 1997. Ukiacha kugusa kompyuta kwa dakika kadhaa, jina lako lilibadilika kwenye orodha za marafiki zako. Na wewe uliweza kuacha ujumbe: nimeenda kula, narudi. Unaona? Lile faili la Plan la mwaka 1971 lilikuwa bado hai.

Halafu fedha zikaingia.

Kwa upande wa usalama, sababu zilikuwa nzuri. Mashine iliyoachwa wazi benki au hospitalini ni hatari. Kanuni za PCI DSS kwa wanaoshughulikia kadi za malipo, zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 2004, ziliweka kikomo cha dakika 15, na baada ya hapo mtumiaji lazima ajitambulishe upya. Hata wapelelezi waliliheshimu jambo hili. Oktoba 1, 2013 maofisa wa FBI walipomkamata Ross Ulbricht wa soko la Silk Road ndani ya maktaba mjini San Francisco, walijifanya wapenzi wanaogombana ili ageuke, wakanyakua kipakatalishi chake kikiwa wazi. Kingejifunga, ushahidi ungekuwa nyuma ya neno la siri. Kwa kazi za namna hiyo kampuni ya WiebeTech iliuza kidude cha USB kinachojifanya kipanya na kusogeza mshale kidogokidogo, ili mashine iliyoshikwa isilale.

Kwa upande wa ajira mambo yakawa mengine. oDesk ilianzishwa Marekani mwaka 2003, na mwaka 2015, baada ya kuungana na Elance, ikaitwa Upwork. Kwa kazi zinazolipwa kwa saa iliweka shajara ya kazi. Kila dakika 10 inapigwa picha moja ya skrini, na mibonyezo ya vitufe na kipanya inahesabiwa. Nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka 2009 na intaneti ikawa na kasi, vijana wengi wa Kenya waliingia kwenye kazi hizo. Mfasiri anayetafakari neno moja kwa dakika 7 anaonekana kama aliyelala. Anayegonga nafasi na kufuta, nafasi na kufuta, anaonekana shujaa. Namba ni ileile ya Earnest. Ila sasa anayeisoma ndiye anayelipa, na faili la Plan halipo.

Korona ilipofungia watu nyumbani mwaka 2020, namba hii ikaingia kwenye maisha ya maofisa ambao hawakuwahi kuifikiria. Microsoft Teams hubadilisha alama yako kuwa ya njano ukikaa dakika 5 bila kugusa kitu, na watu wakaanza kuiogopa njano ile kuliko mkubwa mwenyewe. Kidude cha kutingisha kipanya, kilichouzwa kwa wapelelezi, kikawa bidhaa ya kila mtu. Mwaka 2024 benki ya Wells Fargo ilifukuza wafanyakazi zaidi ya kumi na wawili, kwa madai ya kuigiza matumizi ya kibodi ili waonekane wako kazini. Sitetei udanganyifu. Lakini ukimlipa mtu kwa mitikisiko, usishangae akikuletea mitikisiko.

Hata vivinjari viliingia. Kabla ya hapo, skripti ndani ya ukurasa iliweza kujua umetulia kwenye ukurasa ule tu. Septemba 2021 Chrome toleo la 94 liliruhusu tovuti, kwa idhini yako, kujua kama umetulia kwenye kompyuta nzima, kuanzia sekunde 60. Mozilla na Apple walikataa kuweka kitu hicho kwenye vivinjari vyao, wakisema kinafungua mlango wa kuwachunguza watu. Nakubaliana nao.

Sasa nirudi kwa yule mteja wangu. Barua ya onyo haikutoka, lakini si kwa sababu ya ushujaa wangu. Mama alimwonyesha mkubwa kosa la shilingi 18,000 alilolipata kwenye risiti zile, na mkubwa akanyamaza. Mimi niliomba nirudie skripti bila malipo. Jambo la kwanza, nilimwambia mkubwa awaeleze wafanyakazi wote kwamba wanapimwa na kwa nini, maana Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka mtu ajue data yake inachukuliwa kwa madhumuni gani. Nakiri kwamba mimi mwenyewe sikuwa nimemuuliza mapema. La pili, nilibadilisha jina la safu. Haiitwi tena "Muda bila kazi". Inaitwa "Dakika bila kugusa kibodi au kipanya", ndefu na mbaya, lakini kompyuta haijui zaidi ya hapo.

La tatu, niliongeza safu ya maelezo. Mashine ikikaa kimya zaidi ya nusu saa, ukiigusa tena inakuuliza ulikuwa wapi, na unaweza kuandika au kuacha wazi. Mistari ya kwanza niliyoiona ilikuwa "risiti", "mkutano kwa mkubwa", "stima ilipotea" na "risiti tena". Mkubwa alisema anaisoma safu hiyo kuliko ile ya dakika.